Kukausha na Kuhifadhi Nafaka: Maji Ndiyo Mlango wa Kuvu na Wadudu

Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi. Hakuna aliyeyatia sumu. Yaliwekwa ndani yakiwa bado na unyevu, yakaota kuvu, na kuvu ikazalisha sumukuvu ya aflatoksini inayoharibu ini. Mwaka 2016 yakatokea ya namna hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania: wagonjwa 68, vifo 20.

Nafaka ikiharibika, wengi hukimbilia kuuliza dawa. Swali la kwanza liwe: iliwekwa ikiwa na maji kiasi gani? Dawa ya wadudu haizuii kuvu. Mfuko usiopitisha hewa haukaushi punje mbichi, unazifungia na unyevu wake. Kihenge cha chuma kilichojazwa mahindi mabichi hugeuka chungu cha kuvundikia. Kila hatua ya mwongozo huu inategemea ile ya kukausha, na ndiyo maana tutakaa nayo zaidi.

Kiwango cha kulenga

Mahindi, ngano na mtama vishuke hadi asilimia 13.5 ya unyevu au chini yake. Ukitaka kutumia mfuko usiopitisha hewa, lenga chini ya 13. Karanga zilizobanguliwa zinahitaji kushuka zaidi, hadi karibu asilimia 7. Sababu ni mafuta: mafuta hayashiki maji, kwa hiyo maji yote yaliyomo hukusanyika kwenye sehemu isiyo na mafuta, na kuvu hukuta humo unyevu wa kuitosha ingawa kipimo cha jumla kinaonekana kidogo.

Punje hubadilishana unyevu na hewa inayoizunguka. Ikiwa katika asilimia 13.5 hivi, hewa iliyo katikati ya punje hukaa kwenye unyevunyevu wa takriban asilimia 65 hadi 70, na juu ya hapo ndipo kuvu za ghalani huanza kuamka. Nafaka iliyokauka vizuri ikiachwa wazi msimu wa mvua huvuta maji upya, hata bila kunyeshewa tone moja.

Kuvuna

Mahindi hukomaa punje inapokuwa bado na maji ya asilimia 30 hadi 35. Chomoa punje katikati ya gunzi, likwangue tako lake kwa ukucha. Ukiona doa au tabaka jeusi, mmea umeacha kuilisha na haitaongezeka tena. Kuanzia hapo kila siku inayopita shambani ni siku ya wadudu, ndege na mvua. Fukusi na dumuzi hawasubiri ghala, huanza kutaga mayai shambani, hasa kwenye magunzi ambayo maganda yake hayakuifunika ncha. Magunzi hayo yaweke kando na yaliwe kwanza.

Usiyatupe magunzi juu ya udongo. Kuvu inayotengeneza aflatoksini huishi ardhini na kwenye mabaki ya mazao, kwa hiyo kila punje inayogusa udongo hubeba mbegu zake. Weka turubai au jukwaa kuanzia siku ya kuvuna.

Kukausha

Tandaza nafaka kwenye turubai safi kwa unene wa sentimeta 3 hadi 5. Geuza kila nusu saa hadi saa moja, hasa asubuhi tabaka la chini linapokuwa bado na baridi. Ukiweka nene zaidi, punje za juu zitakauka na kupasuka huku za chini zikiendelea kutoa jasho. Jioni kusanya na kufunika: umande wa usiku mmoja unaweza kurudisha sehemu kubwa ya kazi ya mchana. Mbegu ya kupanda isipate joto zaidi ya nyuzi 43 za Selsiasi, vinginevyo kiini hufa na punje inabaki nzuri kwa macho tu.

Mzani unaweza kukuambia umefika wapi ikiwa unajua unyevu wa mwanzo. Chukua uzito wa mwanzo, uzidishe kwa (100 kutoa unyevu wa mwanzo), kisha ugawanye kwa (100 kutoa unyevu unaoutaka). Kilo 100 zenye asilimia 20 zikishuka hadi 13.5 zitapima kilo 92.5. Zikipima 95, bado kuna lita mbili na nusu za maji za kutoa.

Asiye na kipimo cha umeme atumie chumvi. Anika chumvi ya kawaida mpaka iwe kavu kabisa na isigandane. Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko, ya ujazo wa mililita 750, iliyokauka ndani. Ijaze nafaka hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi hiyo, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha uiache itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isiponata, uko chini ya 15, na hapo ndipo wengi hukosea: wanaona chupa safi, wanafunga mifuko. Asilimia 14 na nusu hupita mtihani wa chumvi lakini haifai kufungiwa. Chupa ikitoka safi, ongeza angalau siku nzima ya jua kali. Chukua sampuli katika sehemu kadhaa za turubai, kwa sababu kona iliyokuwa kivulini ndiyo itakayoanzisha uozo.

Kung'ata punje kwa meno husaidia kugundua ile iliyo mbichi waziwazi, lakini hakuwezi kutenganisha 13 na 15, na tofauti hiyo ndiyo inayotafutwa.

Nafaka iliyotoka juani isifungwe ikiwa na moto. Iache kivulini ipoe. Ukifunga moto, usiku mvuke utaganda kwenye kuta za mfuko na kudondokea punje za juu.

Kupukuchua na kuchambua

Pukuchua bila kuvunja. Kupiga magunzi kwa fimbo ndani ya gunia huokoa muda na kuharibu mengi, maana punje iliyopasuka imefunguliwa mlango: kuvu huingia bila kutoboa ganda, na wadudu wadogo wasioweza kula punje nzima hupata chakula. Tumia mkono au mashine iliyorekebishwa kulingana na ukubwa wa gunzi, kisha pepeta mpaka vumbi na vipande vitoke.

Halafu chambua. Sumukuvu haisambai sawasawa. Katika gunia zima punje chache tu zinaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu yote, na mara nyingi ni zile zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye unga wa kijani, wa kijivu au mweusi. Kuziondoa kwa mkono kunapunguza hatari kwa kiasi kikubwa, ingawa hakuimalizi, kwa sababu zipo punje zenye sumu zinazoonekana safi. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu aflatoksini isiyozidi sehemu 10 katika bilioni, kiasi ambacho jicho, pua na ulimi haviwezi kukiona. Kupika hakuisaidii: joto la jikoni huua kuvu, sumu ikabaki. Wala haiondoki kwa kutengenezea pombe.

Sumu hii ilifichuliwa Uingereza. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa huko kwa ugonjwa usiojulikana, na uchunguzi ukafuata chakula chao hadi kwenye mashudu ya karanga yaliyokuwa na kuvu. Kwa hiyo usiseme "hii tutawapa kuku". Ng'ombe wa maziwa akila punje hizo, sehemu ya sumu hutoka kwenye maziwa.

Wanaohifadhi rai, nafaka inayofanana na ngano, wana adui wao. Kuvu ya ergoti hugeuza punje kuwa kipande cheusi au cha zambarau, kirefu kuliko punje ya kawaida. Ulaya ya zamani waliokula mkate wenye ergoti walipata degedege, au viungo vilivyoungua kwa maumivu, vikawa vyeusi na kukatika. Ugonjwa ukaitwa Moto wa Mtakatifu Anthony, na mwishoni mwa karne ya 11 wakatokea watawa wa jina hilo waliojenga hospitali za kuwatunza wagonjwa wake. Njia ya kutenganisha ni chumvi tena: yeyusha kilo 1 ya chumvi katika lita 4 za maji, mimina nafaka, koroga. Ergoti na punje tupu huelea, nzima huzama. Engua vinavyoelea, suuza nafaka kwa maji safi mara moja, ianike upya.

Kuwajua wadudu

Fukusi ana mdomo mrefu uliochongoka. Jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu, na mtoto hukua akiila punje kutoka ndani. Katika joto la nyuzi 27 na hewa yenye unyevu, yai huwa mdudu kamili kwa muda wa siku 35 hivi. Ndiyo maana gunia lililoonekana safi wakati wa kufunga hujaa fukusi baada ya wiki sita bila mdudu yeyote kuingia kutoka nje. Ni msafiri wa siku nyingi. Katika ghala la enzi za Warumi lililochimbuliwa York, Uingereza, yalikutwa mabaki ya wadudu wa nafaka kwa wingi wa ajabu: shehena za chakula cha jeshi zilisafiri nao.

Dumuzi ni mwingine. Ni mfupi, mweusi, umbo la pipa, nyuma amekatika kama aliyepigwa msumeno, na kazi yake huacha unga mwingi. Kwao ni Amerika ya Kati. Aligunduliwa Tabora, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na katika vihenge vya huko mahindi ya magunzi yaliweza kupoteza hadi theluthi moja ya uzito kwa miezi michache. Anapenda mahindi yaliyo kwenye gunzi, kwa sababu punje iliyoshikwa imara humpa mahali pa kuegemea anapotoboa; punje zilizopukuchuliwa humteleza. Basi kupukuchua peke yake kunampunguzia nguvu. Hula pia muhogo mkavu na hutoboa mbao, kwa hiyo anaweza kukusubiri kwenye nguzo za kihenge kitupu. Kabla ya kuingiza mavuno mapya, toa mabaki yote, fagia nyufa, choma au zika takataka, na magunia ya zamani yachemshwe au yaanikwe jua kali. Mavuno mapya yasimwagwe juu ya ya zamani hata kidogo.

Kiasi kidogo cha nyumbani hakihitaji dawa. Ukiwa na jokofu la kugandisha lenye nyuzi 18 chini ya sifuri, siku 4 humo huua mayai, viwavi na wadudu wazima. Acha pakiti irudi kwenye joto la kawaida kabla ya kuifungua ili maji yasigande juu ya punje. Kwa kunde na maharage jua linatosha: tandaza tabaka jembamba juu ya karatasi nyeusi ya plastiki, funika kwa plastiki angavu, bana kingo kwa mawe, na acha ndani pafike nyuzi 57 kwa saa moja. Mbegu ya kupanda isipitishwe humo kabla hujajaribu kuotesha chache. Majivu makavu yaliyochekechwa husaidia pia kwa kunde, ila kwa wingi: vipimo vitatu vya majivu kwa vinne vya kunde, tabaka la juu likiwa majivu matupu. Kazi yake ni kujaza nafasi wanazopita wadudu, hivyo kiganja kimoja katika gunia hakifanyi kitu.

Ukitumia dawa ya unga, iwe imeidhinishwa kwa nafaka ya chakula, na kiasi kiwe kile cha lebo. Michanganyiko mingi ina viambato viwili kwa sababu maalumu: pirimifosi-methili humuua fukusi vizuri lakini ni dhaifu kwa dumuzi, na permethrini ni kinyume chake. Dawa yenye kimoja tu inaweza kusafisha ghala la mdudu mmoja na kumwachia mwenzake nafasi. Vaa barakoa na glavu, nyunyiza juu ya nafaka iliyopukuchuliwa na kukauka, changanya kwa koleo mara tatu au zaidi mpaka unga ushike kila mahali, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kula. Dawa ya shambani usiitie ghalani. Vidonge vya fosfini hutoa gesi inayoua watu usingizini. Viachwe kwa waliofunzwa, na visitumike katika jengo analolala mtu.

Mbegu iliyotiwa dawa ya kupandia isiliwe, hata ikioshwa. Iraq, mwaka 1971 na 1972, ngano ya mbegu iliyotiwa zebaki na kupakwa rangi nyekundu iliwafikia wakulima baada ya msimu wa kupanda. Maandishi ya magunia hayakuwa kwa Kiarabu. Watu waliiosha, rangi ikatoka, wakadhani na sumu imetoka. Zaidi ya 6,500 walilazwa hospitalini na 459 wakafa humo. Mbegu ya namna hiyo ikae chumba kingine na chombo kingine.

Kufunga bila hewa

Wakulima wa kale wa Uingereza walichimba mashimo marefu kwenye mwamba wa chokaa, wakayajaza nafaka na kuyaziba kwa udongo. Majaribio yaliyofanywa katika shamba la Butser kuanzia miaka ya 1970 yalionyesha jinsi yalivyofanya kazi: punje chache zilizogusa ukuta ziliota, zikamaliza oksijeni na kutoa kaboni dioksaidi, na zilizobaki zikalala salama mpaka majira ya kuchipua. Mfuko wa tabaka tatu, uliobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na Chuo Kikuu cha Purdue pamoja na watafiti wa Cameroon kwa ajili ya kunde, hufuata njia hiyohiyo, ila humo oksijeni humalizwa hasa na wadudu wenyewe. Ikishuka chini ya asilimia 5 huacha kula, na kwa kuwa hawawezi tena kutengeneza maji mwilini, hukauka na kufa.

Pulizia hewa katika kila mfuko wa plastiki na uukamue kidogo ukisikiliza, unaovuja usitumike. Ingiza mmoja ndani ya mwingine, na yote miwili ndani ya gunia la nje. Jaza kidogo kidogo ukishindilia ili hewa itoke, na bakiza shingo ya kutosha kusokota, sentimeta 30 hivi. Sokota shingo ya mfuko wa ndani, funga kwa kamba au mpira, ikunje, funga tena. Rudia kwa wa pili, kisha gunia. Magunzi, vijiti na vipande vikali visiwemo. Usiufungue kwa miezi miwili ya mwanzo, kwa sababu kila ufunguzi huwarudishia wadudu pumzi. Ndiyo maana mifuko mingi midogo ni bora kuliko chombo kimoja kikubwa: unaharibu utulivu wa mmoja tu kwa wakati.

Kihenge cha chuma kijazwe hadi juu, maana nafasi tupu ni akiba ya oksijeni. Washa mshumaa ndani ya kikombe juu ya nafaka, funika, na uzibe mdomo wa juu na wa chini kwa mpira uliopakwa grisi. Mshumaa hauondoi oksijeni yote, huzimika mapema. Kinachomaliza kazi ni uzibaji. Kikae kivulini juu ya chaga. Jua likipiga upande mmoja, unyevu huhama ndani na kuganda upande wa baridi.

Panya

Panya mkubwa hula gramu 25 hivi kwa siku, lakini anachochafua ni kingi kuliko anachokula. Tauni ilipoingia Bombay mwaka 1896, wagonjwa wa mwanzo walionekana Mandvi, mtaa wa bandarini wenye maghala ya nafaka. Miaka miwili baadaye Paul-Louis Simond alionyesha kwamba viroboto wa panya ndio wanaohamisha bakteria ambayo Alexandre Yersin aliitambua Hong Kong mwaka 1894. India ilipoteza zaidi ya watu milioni 10. Homa ya Lassa, iliyotambuliwa Nigeria mwaka 1969, nayo hufika kwa chakula kilichokojolewa na panya.

Tundu la milimita 6 linampitisha panya mdogo, la 12 linampitisha mkubwa. Ziba kwa wavu wa chuma au saruji, si kwa matambara. Kihenge cha nje kiinuliwe mita 1, kila mguu uwe na sahani ya bati iliyotokeza sentimeta 25 pande zote, na pasiwe na tawi, ukuta wala ngazi iliyoachwa karibu. Magunia yasiguse ukuta, ili uweze kuzunguka na kuona nyuma.

Kinyesi cha panya usikifagie kikiwa kikavu. Fungua madirisha, mwagia mchanganyiko wa sehemu 1 ya dawa ya klorini ya kufulia na 9 za maji, subiri dakika 5, futa ukiwa na glavu. Panya wengi wakifa ghafla bila kutegwa, usiwaguse na usianze kuua waliobaki, kwa sababu viroboto wao watatafuta damu yako. Toa taarifa kwa idara ya afya, viroboto wauawe kwanza.

Kukagua

Nafaka isiyo kwenye chombo cha kufungwa ikaguliwe kila wiki mbili. Ingiza mkono hadi katikati: ukikuta joto, kuna wadudu au unyevu unaopumua, na gunia hilo limwagwe siku hiyohiyo, lianikwe na kuchambuliwa. Unga chini ya gunia ni dumuzi. Matundu ya mviringo na punje nyepesi ni fukusi au nondo wa nafaka. Harufu ya uvundo au punje zilizoshikamana ni kuvu. Sehemu iliyoshikamana, pamoja na nafaka iliyoizunguka, itolewe yote, izikwe mbali na chanzo cha maji, isisagwe na isichanganywe na nzuri ili kuificha. Aliyekula nafaka ya namna hiyo kisha macho yakawa ya njano, akatapika au tumbo likajaa maji, apelekwe hospitalini na sampuli ya nafaka ipelekwe pamoja naye, ikiwa kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, ili kuvu isiendelee kuota njiani.